Ngoie katika Mavazi ya Watu wa Kale

Kamina, Alhamisi, mwezi wa kumi, 1958

Mvua ya kwanza ilinyesha juzi, ikakatika, na joto lililofuata ni kali kuliko lile la kabla yake. Udongo mwekundu umeganda kwenye viatu vyangu na sina nguvu ya kuvipangusa. Naandika nikiwa barazani. Jua linashuka nyuma ya ateliye, zile karakana za reli. Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni isipokuwa chai.

Nimechoka. Si uchovu wa mikono, maana leo niliomba ruhusa kazini.

Lori la shule lilikuja asubuhi kuchukua picha, likaondoka bila picha. Ningeweza kufunga daftari hapa, kwa kuwa mbele ya watu habari yenyewe ni hiyo tu. Lakini nikiiacha hivyo, baada ya mwaka mmoja nitajidanganya kwamba leo nilikuwa mtu mwema. Sikuwa mtu mwema. Niandike ilivyokuwa.

Kazi yangu ni herufi. Kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikiandika namba na uzito kwenye ubavu wa mabehewa hapa Kamina, kwa rangi nyeupe na burashi bapa. Vumbi la makaa linazila ndani ya msimu mmoja, nami naziandika upya. Siku za mapumziko napaka vibao vya maduka: mkate, sigara, fundi wa cherehani. Nilisoma kwa Wamethodisti hadi darasa la sita, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki cha kitabu. Nyumbani tunasema kingine. Mke wangu, Numbi, ametoka kwa wakulima Wakatoliki, katika kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka hapa. Yeye hakusoma. Tulipata mtoto mmoja, Ngoie, na Mungu hakutupa mwingine.

Ngoie alikufa mwaka juzi, wakati wa kiangazi, kwa homa iliyompanda kichwani. Alikuwa na miaka tisa.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa Luena, naandika mabehewa ya makaa. Habari ilinifikia jioni kwa simu ya waya, treni ya kwanza ilikuwa ya kesho yake, na nilipofika walikuwa wamekwisha kumzika. Walifanya sawa, mwili haungoji. Nilimkuta Numbi ameketi chini katikati ya wanawake, na hakuniangalia. Sikumuuliza mtoto alikufa saa ngapi, wala alikuwa katika hali gani, wala alisema nini. Nikajiambia nitamuuliza akitulia. Miaka miwili imepita. Sikuuliza, naye hakusema. Majirani wanaendelea kutuita Baba Ngoie na Mama Ngoie, maana jina la namna hiyo halizikwi, nasi tunaitika.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mwaka jana niligundua kwamba nimeusahau uso wake. Hatukuwa na fotografia. Nilikumbuka miguu yake, nilikumbuka sauti, nilikumbuka alivyobeba ndoo akiwa ameinamia upande mmoja. Uso ulikuwa umefutika.

Mimi, mtu ambaye kazi yake ni kuangalia.

Nije kwa Mademoiselle Odile, kwa kuwa bila yeye picha isingekuwapo. Ni mwalimu wa kuchora katika shule ya wasichana, mzungu mzee mwembamba asiye na mume wala haraka, na Kiswahili chake kinatembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Mwaka jana wasichana wake walikuwa wanatayarisha mchezo wa sikukuu, hadithi ya malkia mmoja wa zamani sana wa Ulaya, akanitafuta nipake pazia la nyuma ya jukwaa. Alinipa bashi kuukuu, lile turubai la kufunikia mizigo, akanipa na kitabu kikubwa chenye picha za rangi ili nipate pa kuiga.

Nilikaa na kitabu kile wiki tano. Kilikuwa cha wachoraji Wafaransa wa karne iliyopita, na karibu wote walichora kitu kimoja: zamani za kwao. Wanawake wenye mikono ya gauni inayobururika sakafuni. Wanaume waliovaa chuma, wamepiga goti. Watawa wanasoma. Vyumba vidogo vyenye giza, dirisha moja la vioo vya rangi, mwanga unaingia upande mmoja tu na kuangukia shavu la mtu. Mimi nilidhani wachoraji hao waliwaona watu hao kwa macho. Mademoiselle alitabasamu. Akanieleza kwamba kati ya mchoraji na bibi aliyemchora kulikuwa na miaka mia nne, pengine mia tano. Nchi yao iliingia fujo, mfalme akauawa, makanisa yakavunjwa, na sanamu za makaburi ya zamani zikakusanywa katika nyumba moja kule Paris. Vijana waliokuwa wanajifunza kuchora waliingia mle, wakawaona malkia wa mawe wamelala chali, mikono imekutana kifuani. Wakaenda nyumbani, wakawasimamisha. Nguo waliiga kwenye jiwe. Kiti waliiga kanisani.

"Na sura?" nikamuuliza. "Jiwe iko na sura ya jiwe tu."

Akafungua ukurasa mmoja. Bibi ameketi karibu na dirisha, amevaa nguo nyeusi, na magotini mwake kuna glavu ya mwanamume. Mume amefia vitani; kilichorudi ni glavu. Chini imeandikwa kwamba ni duchesse, yaani mke wa mtawala fulani wa kale.

"Huyu ni bibi ya mchoraji mwenyewe," Mademoiselle akasema. "Aliweka sura ya bibi yake." Yaani mke wake.

Niliutazama ukurasa ule siku nyingi. Ule muungano wa majonzi na mavazi ya kigeni ulinishika, sijui hata leo kusema ni kwa nini. Labda kwa sababu mtu aliweza kuyapeleka mambo yake mbali, miaka mia tano nyuma, akayavika nguo za wengine, na huko yakaweza kutazamwa.

Pazia nililimaliza, watu wakalisifu. Mademoiselle akaniambia kwamba mkono wangu ulistahili kufundishwa. Kule Elisabethville, mji mkubwa wa mkoa wetu, akasema, kuna nyumba wanakofundisha wachoraji wa Kikongo, na mtu akipeleka kazi moja nzuri kwenye maonyesho wanaweza kumpokea. Nina miaka arobaini na tatu. Nililipokea neno hilo kama mtoto anavyopokea kipande cha sukari, nikalificha lisionekane.

Mwaka huu, mwezi wa saba, nilitumwa Sanga. Kando ya ziwa Kisale kuna wazungu wanaochimba makaburi ya watu wa kale, na walihitaji mtu wa kuandika namba kwenye masanduku. Nilipanda treni hadi Bukama, kisha chombo cha mtoni katikati ya matete, na nikakaa huko siku kumi na mbili. Kazi yangu ilikuwa namba tu, lakini macho hayafungwi mlango. Niliona vikuku vya shaba, shanga, misalaba midogo ya shaba, kengele za chuma, vyungu vyenye midomo ya namna ambayo sijawahi kuiona. Wachimbaji walikuwa watu wa palepale. Mmoja wao, jina lake Ilunga, mtu wa rika langu, aliniita nione kaburi moja fupi.

"Angalia vyungu," akasema. "Muntu mukubwa banamutiliaka bikubwa. Huyu alikuwa mutoto, bakamufinyangia bidogo."

Vilikuwa vitatu, kila kimoja sawa na ngumi yangu. Chungu cha ukubwa ule hakipiki kitu. Kuna mtu aliyekaa na msiba wake, akachukua udongo, akafinyanga kwa kipimo cha mtoto. Na vikuku vilikuwa bado vimeuzunguka mfupa wa mkono.

Namba ya sanduku lile niliiandika mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilipinda. Kisha niliomba ruhusa nichore vile vitu katika daftari langu, mkubwa wa kazi akasema nichore nipendavyo.

Niliporudi Kamina nilichukua kipande cha bashi kilichobaki kwenye pazia, nikakipigilia kwenye mbao, nikafanya kama wale Wafaransa. Nilimsimamisha mtoto wa kaburini. Nilimpa vikuku vyake, shanga zake, nywele zilizosukwa kwa namna niliyoibuni, na nyuma yake nikaweka matete na maji ya Kisale asubuhi. Chungu kimoja kidogo nilikiweka mikononi mwake. Uso niliuacha mwisho. Kwa siku nyingi palibaki tundu la kahawia, nami nikitoka kazini nakaa mbele yake bila kugusa burashi.

Halafu Jumamosi moja nikaanza na paji la uso, na uso ukaja. Sikuukumbuka kwanza ndipo nikauchora. Mkono ndio uliokumbuka, mimi nikafuata nyuma. Nilipofika kwenye mdomo nilijua ni nani ninayemchora, na niliogopa kuacha, nikafikiri nikiacha ataondoka tena.

Numbi alirudi kutoka shambani akanikuta hapo. Alishusha jembe. Alisimama mlangoni muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu mara mbili.

"Masikio yake hayikukuwa vile," akasema, akaingia jikoni.

Kesho yake alikuja akasimama nyuma yangu. "Huku njo kulikuwa kovu. Hapa, juu ya jicho. Alianguka ku mpini ya jembe, haukumbuke?" Sikuwa nimekumbuka. Niliweka kovu. Siku iliyofuata akasema shingo ilikuwa ndefu kidogo kuliko hivyo, kama ya mama aliyemzaa yeye Numbi. Nikaongeza shingo. Ilienda hivyo siku tisa. Kila jioni alikuja na neno moja, nami nikarekebisha, na katika kurekebisha nilimsimulia habari za kitabu, za wale malkia wa mawe, za bibi mwenye glavu na mume wake mchoraji. Alisikiliza. Tulizungumza masikio, kovu, meno ya mbele yenye mwanya. Lakini ile siku yenyewe, siku ya kufa kwake, hatukuigusa. Hata hivyo naziita siku tisa nzuri kuliko zote tangu azikwe.

Hapa ndipo aibu yangu inapoanza.

Mademoiselle Odile alipita kuniangalia, akaiona picha, akavua kofia. Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Halafu akaniuliza msichana huyu ni nani. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Numbi alikuwa kisimani, hapakuwa na mtu wa kunisikia isipokuwa Mademoiselle. Nikasema, "Ni mutoto wa chifu wa zamani, wa kule Sanga." Akafurahi. Akasema hiyo ndiyo kazi ambayo watu wa Elisabethville wanaingoja, Mluba anayechora wafalme wa Kiluba kama Wafaransa walivyowachora wa kwao. Akasema maonyesho ni mwezi ujao, na kwamba ataandika barua mwenyewe. Akanipa hata jina la picha: Binti wa Mfalme wa Kiluba, Nyakati za Kale.

Nikakubali. Sikumuuliza Numbi. Nilimwambia Jumapili iliyopita tukiwa njiani, yeye ametoka misa, mimi nimetoka ibada, tunakutana penye njia panda kama kawaida yetu. Nilimwambia kwa haraka, kama mtu anayelipita kaburi. Akatangulia kwenda nyumbani. Tangu Jumapili hadi leo asubuhi hakuniambia neno zaidi ya "kula" na "maji ya kuoga iko tayari."

Lori lilifika saa mbili. Dereva ni Kasongo, namfahamu. Mademoiselle alikuwa ameketi mbele na mablanketi mawili ya kufungia. Numbi alikuwa uani anaanika mihogo juu ya mkeka, ametupa mgongo. Niliitoa picha nje. Kwenye jua ilikuwa nzuri kuliko ndani, sitajifanya sikuona hivyo. Kasongo akatoa kofia, akasema, "Eh, Baba Ngoie, weye uko fundi kweli," halafu akaisogelea, maana yeye alimjua mtoto. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akaanza kushughulika na kamba.

Mademoiselle alikuwa na karatasi ngumu ya kubandika chini, ameandika jina la picha kwa mkono wake mzuri. Akaisoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya mwalimu, ili kila mtu afurahi pamoja naye.

Numbi akainuka kwenye mihogo.

"Mutoto wa mufalme gani?" akauliza.

Mademoiselle akamweleza kwa upole. Akasema ni wa zamani, wa watu waliozikwa Sanga, pengine ana miaka mia saba, pengine zaidi.

"Huyu haiko na myaka mia saba," Numbi akasema. "Iko na myaka kenda. Njo mutoto yangu. Anaitwa Ngoie."

Hakupaza sauti. Unga wa mihogo ulikuwa umemjaa mikononi hadi kwenye viwiko. Mademoiselle akanigeukia, na uso wake ulibadilika, akazeeka mbele yangu. Akaniambia kwa Kifaransa kwamba hakujua, na kwamba nilipaswa kumwambia. Halafu, na hili lazima niliandike kwa haki yake, hakukasirika. Alifikiri, akasema hakuna aibu katika jambo hilo. Wale wachoraji wa kitabuni walifanya vivyo hivyo, waliweka nyuso za watu wao, na picha haikupoteza kitu. Watu wa Elisabethville hawatajua. Sisi tutajua, na hiyo inatosha.

Maneno yake yalikuwa ya akili. Mimi niliyataka. Nilikuwa nimekwisha kushika ubao wa picha kwa mikono miwili, na kinywani nilikuwa na neno moja tu: twende. Nilikuwa nimemuona Numbi amesimama pale na unga mikononi, na bado nilikuwa naona ngazi za nyumba ile ya Elisabethville ambayo sijawahi kuifikia.

Ndipo Numbi akauliza, "Ule bibi wa mu kitabu, ule wa glavu. Jina yake ya kweli, anaitwa nani?"

Mademoiselle akasema jina la duchesse.

"Hapana. Ile bibi ya mchoraji. Mwenye sura."

Mademoiselle akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta kichwani mwake, anafungua kurasa moja moja. Alikuwa mwanamke mwenye elimu na kitabu kile amekaa nacho tangu ujana wake.

"Sijue," akasema mwishowe. "Hawakuandika."

Numbi aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa. Akarudi kwenye mihogo yake, akapiga magoti, akaendelea kuisambaza.

Hakunikataza. Nataka hilo liwe wazi katika daftari hili. Angenikataza ningepata mtu wa kumlaumu. Kasongo alikuwa na kamba mkononi, akaniuliza, "Tunafunga ao hatufungi?" Niliangalia picha. Niliona kovu juu ya jicho, ambalo si mimi niliyelikumbuka. Niliona shingo, masikio, mwanya. Kama picha ile ingekuwa ya mikono yangu peke yangu ningeipeleka, nasema kweli. Lakini nusu haikuwa yangu.

"Hatufungi," nikasema.

Nikamwomba Mademoiselle kama yawezekana iende ikiwa na jina la mtoto chini pamoja na yetu wazazi: Ngoie, binti ya Mwamba na Numbi wa Kamina. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Maonyesho yenyewe ni ya picha za zamani, akasema. Mtoto wa juzi aliyevalishwa vikuku vya watu wengine hawatampokea, watasema ni mchezo. Akaniomba nichore nyingine, mavazi yaleyale, uso mwingine. Lori linashuka tena Elisabethville Jumatatu. Aliniwekea mkono begani, na mkono ulikuwa mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa. Wakaondoka.

Nilimkasirikia Numbi. Niandike hilo pia. Niliiegemeza picha ukutani, nikatoka bila kuaga, nikaenda kukaa karibu na stesheni juu ya rundo la mataruma ya reli. Nilikaa huko hadi mchana umegeuka. Mabehewa yalipita na namba zangu juu yake, nilizijua zote, na hakuna aliyejua kama zina mwandishi. Nilijaribu. Nilikuwa na kipande cha mkaa na kadibodi, nikachora nyuso nne za wasichana, wa majirani, wa kanisani, wa kubuni. Zote zilitoka na masikio ya Ngoie.

Nikajua Elisabethville imekwisha.

Nilirudi nyumbani kwenye saa tisa. Numbi alikuwa ameingia ndani, ameketi sakafuni mbele ya picha, miguu ameinyosha kama wanavyoketi wanawake msibani. Nilidhani ataondoka nikiingia. Hakuondoka. Sikuwa na nguvu za kusimama wala za kukasirika zaidi, nikaketi pembeni yake.

"Haukuniuliza hata siku moja," akasema. Hakugeuza kichwa. "Minyi nikasema, labda hapendi kujua."

"Niliogopa."

"Unaogopa nini?"

Nikaitazama picha. "Kama aliniita. Kama aliniita, na minyi sikukuja."

Akafikiri juu yake, kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kitu sandukuni.

"Hakukuita," akasema.

Akanisimulia. Homa ilianza usiku wa Jumatatu, na Jumanne asubuhi alimbeba mgongoni hadi kwa mganga wa hospitali, wakampa dawa, wakamrudisha. Mchana alikuwa anaongea maneno yasiyo na mpango, anawataja mbuzi wa bibi yake. Jioni kichwa kikamtulia kabisa, akaomba dirisha lifunguliwe, akaomba maji, akanywa. Kisha akauliza lile swali lake la mabehewa, ambalo kila nilipotoka safari alikuwa lazima aniulize nikiwa bado mlangoni.

"Aliuliza, Baba ameandika vago ngapi? Sikujua. Nikamwambia makumi mawili. Akasema, basi, iko karibu kumaliza. Akalala. Njo vile tu. Hakuamuka."

Basi, yuko karibu kumaliza.

Siku ile sikuandika makumi mawili. Niliandika kumi na moja, nikakaa kivulini na watu wa Luena kucheka, kwa sababu joto lilikuwa kali. Nilimwambia Numbi. Nilifikiri ni lazima ajue. Alinitazama kwa mara ya kwanza leo, pengine kwa mara ya kwanza kwa miaka miwili, na akasema, "Yeye hakujua. Alienda na makumi mawili." Kisha akalia, na mimi nikalia, kwa sauti ya chini, kama watu wanaoogopa kumwamsha mgonjwa. Tulipomaliza alijipangusa kwa kitenge, akainuka, akaenda kuwasha moto.

Picha imebaki palepale ukutani, chini. Sijui tutaitundika wapi. Nyumba ina vyumba viwili na kuta zake hazikujengwa kwa ajili ya picha.

Nilitegemea kwamba nikishajua nitapumua. Sipumui zaidi ya jana. Kifua ni kilekile, ila kile kilichokuwa kimejikunja ndani yake sasa kimenyooka na kinachukua nafasi kubwa zaidi. Na bado naitaka Elisabethville. Sitalidanganya daftari. Nikifumba macho naziona ngazi. Jumamosi itanibidi niende kwa Mademoiselle nikamwambie hakuna picha nyingine, na kwamba nilimdanganya siku ile kwenye kinu, na kwamba si kosa lake. Kesho kuna mabehewa manane yaliyofika kutoka Luena, meusi matupu, hayasomeki.

Najiuliza jambo moja tu, na sina wa kunijibu. Wale wazee wa Ufaransa walihitaji miaka mia tano ili waweze kumwangalia mtu aliyekufa usoni. Mimi nilihitaji nini, mwenzangu akiwa amelala upande wa pili wa mkeka uleule, analo jibu?

Numbi ananiita. Ameita mara ya pili. Bukari, huu ugali wetu, ikipoa haina rafiki. Ngoja niende nikakae karibu naye. Kuna habari za wale mbuzi, alizozisema mtoto mchana ule, nataka kumuuliza ilikuwaje.